Naomba ushauri: rangi ya poda imegoma kutoka kwenye vyuma

Mpole_wa_Temeke: Wakuu, nimekwama. Nina vyuma vinne nataka kubandua rangi, ile ya poda inayopikwa kwenye tanuri. Rimuva ya dukani imeotesha malengelenge mawili matatu, basi. Mama watoto ana kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Nikivilowekea humo, itakubali?

Grenda: Poda inaivishwa kwa nyuzi 200 hivi, si ya kubembeleza na tambara. Peleka kwa wapiga mchanga, wale wanaobandua rangi kwa kupuliza mchanga kwa presha. Ni vyuma gani?

Mpole_wa_Temeke: Vyuma tu vya kawaida, mkuu.

Mama Miche: Kostiki ya mwenzio iache! Mume wangu alichota yangu akazibulie choo, nikabaki na oda ya watu na mafuta ya mawese yananitazama. Na ukikoroga, kostiki ndiyo inatiwa kwenye maji. Ukimwagia maji juu yake itakurukia usoni.

Grenda: Sumaku inanasa?

Mpole_wa_Temeke: Hainasi. Ni rimu za sport. Ila moja ipo kwenye ndoo tangu asubuhi na inatoa mapovu, naona kazi inaenda. Rangi ilipoachia pana weusi kama masizi, ukigusa unabaki kidoleni.

Grenda: ITOE! Hiyo ni alminiamu, kostiki inaitafuna yenyewe. Mapovu ni haidrojeni, usisogeze hata kiberiti. Vaa glavu na miwani, suuza kwa maji mengi. Na usije ukazichoma kwa gesi, alminiamu ikipata joto kali inalegea. Anayepiga mchanga mwambie atumie chembe laini, presha ndogo.

Mpole_wa_Temeke: Sawa, lakini hiyo ni hela. Na tatu zilizobaki nilishazipangia.

Dogo wa Chalinze: Subirini. Juzi kwenye uzi wa mwendokasi jamaa alisema hajawahi kumiliki hata baiskeli. Hii chai.

Mzaramo Halisi: Tena chai ya rangi. Ya poda.

Mpole_wa_Temeke: Gari ni la shemeji. Kasafiri. Nataka akirudi akute rimu nyeusi tii.

Mama Miche: Anajua?

Mpole_wa_Temeke: Atazipenda.

Dogo wa Chalinze: Weka picha ya ndoo.

Grenda: Picha baadaye. Kwenye matundu ya nati pakoje? Kama pameliwa, hiyo rimu isirudi kwenye gari.

Mpole_wa_Temeke: Pameliwa kidogo tu.