Mrejesho: 3 × 4 na 4 × 3, watoto wameelewa

Habari zenu wakuu. Ni mimi niliyeuliza jinsi ya kuwafundisha watoto wa darasa la pili huku Newala kwamba ukigeuza namba za kuzidisha, jibu ni lilelile. Walikuwa wanajua 3 × 4 ni 12, ukiuliza 4 × 3 wanaanza upya kwa vidole.

Nimefuata ushauri wa kutumia vitu. Kila kikundi nilikipa ungo na korosho 12, wakazipanga mistari 3 ya korosho 4. (Ziwe zilizobanguliwa, maana maganda ya korosho ghafi yana mafuta yanayobabua ngozi.) Kisha nikawaambia wasiguse hata moja, wahamie tu ubavuni mwa ungo. Wakaona mistari 4 ya korosho 3. Binti mmoja akapaza sauti: "Mwalimu, si ni zilezile!"

Kwa jedwali la 1 hadi 10, badala ya majibu 100 wanakariri 55. Nimefurahi mno, asanteni sana.

Sasa wapo wanaogeuza hata kwenye kutoa, 5 − 3 na 3 − 5 wanaona sawa. Mwenye mbinu ya hapo naomba anisaidie.