Mbwa wa miezi 10 amemshinda bi mkubwa: nimpe mfugaji, niuze kwa walinzi au nimlete Dar?

MwanaKihamba
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, matusi hapana. Bi mkubwa wangu yuko Kibosho, ana miaka 77, anaishi na mjukuu wa darasa la sita. Mdogo wangu alimpelekea mbwa baada ya vibaka kubeba kuku wote. Ni chotara wa German Shepherd. Alipokuwa mdogo mambo yalikuwa shwari, sasa amekuwa jitu. Akifunguliwa jioni anamrukia mama kwa furaha. Wiki iliyopita amemwangusha uani, kiwiko kikateguka. Daktari amesema tushukuru haikuwa nyonga.

Nina njia nne. Kuna mfugaji wa ng'ombe Boma Ng'ombe anamtaka hata kesho. Kuna kampuni ya ulinzi pale Moshi mjini iko tayari kutoa laki moja na nusu. Naweza kumleta kwangu Kimara. Au abaki hapo hapo, tutafute kijana wa kumhudumia. Ipi ina nafuu? Nataka hili liishe kabla ya mwisho wa mwezi.

Bampa2Bampa
Laki na nusu chukua fasta, bi mkubwa anunuliwe kuku wapya. Uzi ufungwe.

Dkt Kwato
Mleta mada, umeandika mengi lakini yale ya muhimu hujasema. Dume au jike? Amehasiwa? Chanjo zipi amepata na lini? Mchana anakaa wapi, bandani au mnyororoni? Amewahi kung'ata mtu au mfugo? Bila hayo tutakuwa tunabahatisha tu humu.

Shangazi wa Uyole
Na hapo Kimara una uzio au umepanga chumba na sebule? Maana watu mnasema "nitamleta kwangu" kama vile mnaleta begi.

Njoro wa Nakuru
Huku Kenya ungejaribu KSPCA, shirika la kutetea wanyama, wako Nairobi upande wa Karen. Wanapokea mbwa, wanawatibu na kuwahasi, kisha wanawatafutia watu. Lakini ukienda kuchukua mbwa pale utaulizwa maswali kama unaposa. Kwenu hakuna kitu kama hicho?

Mpiga Debe Mstaafu
@Njoro wako Mbwa wa Africa kule Usa River, Arusha, wanahifadhi mbwa waliotelekezwa. Kutoka Moshi si mbali. Apige simu kwanza, sehemu kama hizo hujaa, na mbwa mwenye kwao si wa kwanza kwenye foleni.

Sasa kuhusu Dar. Nimefanya kazi stendi miaka mingi, sikiliza. Mbwa wa ukubwa huo hakuna basi la maana litampakia juu na abiria. Atakayekubali atakwambia awekwe kwenye buti. Moshi hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, jua la Mombo na Korogwe unalijua. Kule chini hakuna hewa. Ukifika unapokea mzoga. Kama ni Dar basi ni gari binafsi, usiku, na mnasimama kumpa maji.

MwanaKihamba
Samahani kwa kuchelewa. @Dkt Kwato ni dume, hajahasiwa. Chanjo ya kichaa alichomwa mara moja, kadi iko kwa mdogo wangu. Hizo nyingine sijui. Mchana anafungwa kwenye mparachichi nyuma ya nyumba, anafunguliwa saa moja jioni. Hajawahi kung'ata mtu. Kuku wawili wa jirani aliwaua, tukalipa yakaisha.

@Shangazi nimepanga nyumba nzima, uzio upo ila ni wa pamoja na mpangaji mwingine. Mwenye nyumba sijamwambia. Halafu mjue mimi ni dada, siyo kaka.

Dkt Kwato
Haya dada, sasa tunaongea. Mbwa huyo si mkorofi. Dume la miezi 10 lenye damu ya German Shepherd liko kwenye ujana wake, linahitaji kukimbia kila siku na linahitaji kazi. Mnalifunga kutwa, jioni mnalifungulia mbele ya mtu mzima wa miaka 77. Unategemea nini? Nguvu za kutwa nzima zinamwishia mama. Na bado hajamaliza kukua, dume la mbegu hiyo linafika kilo 30 hadi 40.

Kwa hiyo popote atakapokwenda, haya yafanyike kwanza. Achomwe tena chanjo ya kichaa, hurudiwa kila mwaka, na kadi ipatikane. Achomwe na ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa. Ahasiwe. Kuhasi hakumfanyi awe mpole siku hiyo hiyo, ila kunapunguza kuzurura na kupigana na madume wenzake. Kidonda kinataka kama wiki mbili kabla hujamsafirisha. Ukisema "mwisho wa mwezi" unajibana mwenyewe.

Na hilo la mnyororo kutwa nzima, ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Sisemi mtakamatwa, nasema ijueni.

Bampa2Bampa
Daktari unahubiri. Babu zetu walifuga mbwa kwa ugali mkavu na hakuna aliyehasiwa.

Dkt Kwato
Na walizikwa watu kwa kichaa cha mbwa kila mwaka. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa. Tuendelee.

Fundi Bomba
Niseme kilichotukuta Mwanza, dada apime mwenyewe.

Marehemu mzee wetu alipopigwa kiharusi alikuwa na mbwa mdogo mdogo tu, mwenye nguvu, tukimwita Jembe. Mama hakumuweza. Akaja bwana mmoja mwenye yadi ya mbao, mtu wa heshima zake, anasali, akaapa kwamba atamtunza. Tukampa bure, tukampa na sufuria yake ya chakula. Karatasi hatukuandikishana, si tunajuana?

Kumbe yule bwana hakukaa naye. Alimpa shemeji yake mwenye baa huko kandokando ya ziwa. Pale baa Jembe alifungwa karibu na njia ya chooni. Walevi wakipita wanamrushia mifupa, wengine mawe, wengine wanamwagia bia wanacheka. Siku moja kola ikakatika, akatoka mbio barabarani, akamng'ata mtoto wa shule kwenye shavu la mguu.

Sasa hapo ndipo sinema ilipoanza. Mtendaji anauliza kadi ya chanjo. Mwenye baa anasema mbwa si wangu, ni wa shemeji. Shemeji anasema mimi nilipewa tu, mwenyewe ni mzee fulani. Kadi ikatoka, na kweli ina jina la baba yangu, mtu ambaye muda huo hata kuinua kijiko hawezi. Tukaitwa ofisi ya kata sisi.

Na lililoniuma zaidi: mbwa akimng'ata mtu huwa anafungiwa na kuangaliwa siku 10. Akiwa mzima baada ya hapo, mnajua hakuwa na kichaa wakati anang'ata. Lakini wananchi walikuwa wameshampiga mawe akafa kesho yake tu. Basi hakuna wa kujua, ikabidi mtoto amalize sindano zote. Hospitali ya karibu dawa imekwisha, ikawa kila awamu ni kumpeleka yeye na mama yake mjini, nauli yetu, sindano yetu, chakula chetu. Lawama zetu pia. Mwenye baa tukikutana anasalimia kwa bashasha mpaka leo.

Ndiyo maana ukimpa mtu mbwa, muandikishane. Jina kwenye kadi libadilishwe, mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri. Na kampuni ya ulinzi ikishatoa pesa, mbwa huyo atapelekwa usikokujua na hutauliza.

Shangazi wa Uyole
Pole Fundi. Yule mtoto aliendeleaje?

Fundi Bomba
Mzima kabisa. Yuko sekondari sasa, anacheza mpira.

Dkt Kwato
Nakazia kwa wanaosoma: mbwa akikung'ata osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, ndipo uende hospitali. Usipake majivu wala pilipili.

Mzee wa Pangani
Assalam alaykum jamaa. Mimi nauliza, mama wa watu ana haja gani na jibwa la kizungu? Sisi wafuasi wa Shafii mate ya mbwa yakigusa chombo tunaosha mara saba, moja kwa udongo. Kazi yote hiyo kwa ajili ya kuku?

Bampa2Bampa
Mzee, bi mkubwa ni wa Kibosho, Jumapili yuko misa ya kwanza. Hizo mara saba hazimhusu.

Mzee wa Pangani
Najua, sikuzaliwa jana. Na kwetu mbwa wa ulinzi na wa mifugo ameruhusiwa, hilo usinifundishe. Hoja yangu ni ukubwa. Mbwa wa kienyeji, jike, mtu mzima, kilo 15, anabweka usiku mzima na hamwangushi mtu. Mpeni huyo mfugaji jitu lenu, mtafutieni mama mbwa aliyetulia. Yule mama anataka mlio, hataki misuli.

Njoro wa Nakuru
Mzee amesema kweli kabisa. Shosho (bibi) wangu kule Molo ana kambwa ka miaka sita, kamelala mlangoni tu, lakini mgeni hapiti.

Kilo ya Unga
Mbwa koko hana adabu, anakula rushwa ya mfupa. Mwizi akija na kichwa cha kuku kwisha habari. German anajua mwenye mji.

Mzee wa Pangani
German yupi, huyo aliyeua kuku wa jirani?

Kilo ya Unga
Hiyo ni kukosa mafunzo. Kuna jamaa Arusha anafundisha mbwa, wiki sita anarudi anakaa kwa amri.

Dkt Kwato
Anakaa kwa amri ya nani? Mafunzo ni ya mbwa na mwenye mbwa. Kuzuia kurukiwa ni rahisi: akiruka unamgeuzia mgongo, hapati salamu mpaka miguu minne iwe chini, nyumba nzima mfanye hivyo. Lakini kila kosa la mazoezi litampiga mama kifuani. Huyo mjukuu wa darasa la sita angeweza, ila asubuhi yuko shule.

Shangazi wa Uyole
Mimi nina swali moja na naona halijaulizwa. Mama mwenyewe anasemaje?

MwanaKihamba
Hapo ndipo pagumu shangazi. Mama hataki aondoke. Anamwita Bosi. Kiburu (ndizi na maharage) kikibaki anampelekea mwenyewe kule mparachichini, anakaa kwenye kigoda anampigia stori za marehemu baba. Nilipomwambia kuhusu mfugaji alinyamaza, baadaye kampigia mdogo wangu simu kwamba mimi nataka kumuachia nyumba tupu. Sikuandika mwanzo kwa sababu nilijua mtaniambia nimwache.

Bampa2Bampa
Duh. Hapo hata laki tano usichukue.

Shangazi wa Uyole
Sasa dada, kumbe hujaleta swali la mbwa. Mama yenu anakaa na mtoto wa darasa la sita na mbwa, basi. Mkimwondoa Bosi jioni ataongea na nani? Kijana wa kumhudumia mbwa ndiye huyo huyo wa kukata majani ya ng'ombe na kuchota maji. Mimi niko namba nne.

Mpiga Debe Mstaafu
Kijana wa sasa wa kukaa kihambani, shamba la ukoo, unampata wapi? Akikaa miezi miwili anapanda bodaboda. Na nyonga ikivunjika huyo Bosi hatamwinua. Mimi nasema mfugaji, ila mama apelekwe amwone huko alipo. Boma Ng'ombe ni kushuka tu.

Kilo ya Unga
Ila mfugaji ana madume mengine? Hayo yatamrarua.

MwanaKihamba
Nimempigia. Ana mbwa wanne, madume mawili, wanalala na ng'ombe zizini. Nilipomuuliza wanakula nini akasema pumba ya mahindi na maziwa yaliyoharibika, dagaa siku za mnada. Chanjo anasema wakija wa serikali wanachoma. Sauti yake ni ya mtu mwema, ila ndiyo hivyo.

Dkt Kwato
Si mbaya. Wapo wanaokula vibaya zaidi Masaki. Lakini dume geni lisilohasiwa kati ya madume mawili ni ugomvi wa uhakika. Ahasiwe kwanza, apone, ndipo akae huko wiki mbili za majaribio mkiwa mmeandikishana kama alivyosema Fundi. Wakati mnasubiri, kamba ndefu inayoteleza kwenye waya badala ya ule mnyororo, na mjukuu amkimbize alfajiri kabla ya shule. Mama asikae peke yake naye akiwa amefunguliwa. Uzio wa masale (mimea ya mpaka) hautamzuia kurudi kwa jirani, hilo mlijue.

Fundi Bomba
Na waya ufungwe juu, usije ukamkwaza mama tena.

MwanaKihamba
Asanteni. Tatizo jipya: mdogo wangu anasema mbwa alimnunua yeye, kwa hiyo haendi popote, atatuma hela ya dagaa. Na kadi haioni ilipo. Anapanda Kibosho Jumamosi, mtaalamu wa mifugo wa kata tumeshaongea naye kuhusu chanjo. Suala la kuhasi mdogo wangu analipinga, eti atakuwa mvivu wa kulinda.

Dkt Kwato
Mwambie aingie humu aulize mwenyewe.

Mzee wa Pangani
Kutuma hela ya dagaa ni kazi nyepesi. Aende yeye akaangushwe uani.

Bampa2Bampa
Samahani nje ya mada kidogo. Ile kampuni ya laki na nusu bado inanunua? Shemeji yangu ana Rottweiler hapa Majengo, anakula kilo nzima ya utumbo kila siku.

Shangazi wa Uyole
Fungua uzi wako.