Kadi mpya za grafiki bado ni tetesi, bei ya Kariakoo imeshapanda. Huu ni wizi!

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa "nishaurini PC ya gemu", hapa sitafuti ushauri, natoa povu.

Wiki mbili zilizopita niliingia duka moja Kariakoo (jina silitaji, sitaki kesi) kuulizia RTX 5060 Ti, kadi ya grafiki ya kompyuta kutoka Nvidia, yenye memori ya GB 16. Nikaambiwa 1,750,000. Hela ilikuwa haijatimia, nikasema nitarudi bwana harusi mmoja akinimalizia salio langu (mimi nahariri video za harusi). Leo nimerudi na mzigo mfukoni. Boksi ni lile lile. Nalijua, maana kona yake ya kushoto imebonyea na ile karatasi ya bei ya kwanza imebanduliwa nusu, nusu imegoma. Bei sasa: 2,050,000. Nikamuuliza yule kijana, "Mdogo wangu, hii kadi imekula nini humu kabatini mpaka inanenepa laki tatu?" Akanijibu bila kupepesa: "Kaka, memori zimepanda dunia nzima. Halafu Super zinakuja."

Hapo kwenye "Super zinakuja" (Super ni matoleo yaliyoboreshwa ya kadi zilizopo) ndipo aliponimaliza. Mimi nimelelewa na hela ya mitumba, mama kauza Karume miaka na miaka. Belo jipya likikaribia kufunguliwa, nguo za belo la zamani zinapigwa bei ya kumaliza. Kila mtu anajua hivyo. Kwenye kadi za grafiki mambo yamegeuzwa: tetesi ya mzigo mpya inapandisha mzigo mkongwe. Na wiki tetesi zikisema mzigo mpya umeahirishwa, bei inapanda tena kwa sababu "hakuna kinachokuja". Zije zisije, anayekamuliwa ni wewe.

Kwa wasiofuatilia, tetesi zenyewe zimezagaa tangu 2025. Nvidia inadaiwa kuandaa Super za kizazi hiki cha RTX 50: 5070 Super ya GB 18, 5070 Ti Super ya GB 24 na 5080 Super ya GB 24. Haya ni maneno ya wavujishaji, si ya kampuni. Ila namba hizo hazikuokotwa jalalani, ukizipigia hesabu zinakubali. Chipu moja ya GDDR7, aina ya memori inayofungwa kwenye kadi hizi, inakula njia ya data ya biti 32. 5080 ina njia ya biti 256, kwa hiyo inabeba chipu 8. Chipu za GB 2 mara 8 ni 16, ndiyo 5080 ya leo. Weka za GB 3, mara 8, tayari una 24. 5070 ina biti 192, chipu 6: kwa za GB 2 ni 12, kwa za GB 3 ni 18. Na chipu za GB 3 zipo, si ndoto. Zimeshafungwa kwenye RTX 5090 ya laptop, ndiyo maana ile ina GB 24.

Sasa sikilizeni hoja yangu. Kama tetesi ni za kweli, kubwa linalobadilika hapo ni chipu za memori. Kizazi ni kile kile. Hiyo haijafikia hadhi ya kupangiwa bei mpya. Super zikae kwenye bei elekezi (ile inayotangazwa na kampuni) ya kaka zao: dola 549 kwa 5070, 749 kwa 5070 Ti, 999 kwa 5080, na hizo za kwanza zishuke zitupishe. Msiniambie haiwezekani. Januari 2024 walitoa RTX 4080 Super kwa dola 999 wakati 4080 ya kawaida ilizinduliwa kwa 1,199. Yaani mpya, nzuri kidogo, na bei chini kwa dola 200. Walijua wenyewe kwamba ile ya kwanza walitupiga.

Na kelele zinasaidia, msidharau. Septemba 2022 walitangaza kadi mbili kwa jina moja la 4080, moja GB 16 na nyingine GB 12, hiyo ya GB 12 kwa dola 899. Watu wakaichambua, wakakuta si memori tu iliyopungua, hata chipu yenyewe ni nyingine, dhaifu zaidi. Ikapigiwa makelele dunia nzima. Oktoba wakaifuta kabla haijafika dukani, Januari 2023 ikarudi na jina la 4070 Ti kwa dola 799. Kadi ile ile, jina jingine, dola 100 chini. Kwa hiyo wale wa "kama huna hela nyamaza" naomba leo mpumzike.

Ila kinachoniuma kuliko vyote ni hizi za GB 8. Juni 2016 AMD, washindani wa Nvidia, walitoa RX 480 ya GB 8 kwa dola 239. Mei 2025 Nvidia wanatoa RTX 5060 ya GB 8 kwa dola 299. Mtoto aliyezaliwa siku RX 480 inatoka ameshajua kusoma, kuandika na kuomba hela ya bando, memori ya kadi ya mnyonge iko pale pale. Tena katikati walishatuonjesha: RTX 3060 ya Februari 2021 ilikuja na GB 12 kwa dola 329. Aliyemrithi, 4060, akarudishwa GB 8. Umeona wapi gari jipya linatoka na tangi dogo kuliko la zamani, halafu unaambiwa ushukuru kwa sababu injini haili mafuta?

Mimi hizi GB 8 nazijua kwa mateso. Nilinunua "RX 580" mtaani, nikaifungua nyumbani, programu ikasoma viini vya kuchakata 2,048. RX 580 halisi ina 2,304. Kumbe nimeuziwa ile iliyotengenezwa kwa soko la China, RX 570 iliyovalishwa shati la kaka yake. Feni moja ilikuwa inalia kama cherehani, nahisi ilishachimba sana sarafu za mtandaoni kabla ya kunifikia. Basi, ndiyo ninayofanyia kazi za harusi mpaka leo. Jumapili iliyopita saa nane usiku nimeweka video za kamera mbili za 4K kwenye DaVinci, programu ya kuhariri video, nikaongeza kipengele cha kusafisha chenga kwa sababu ukumbini taa zilikuwa hafifu. Bibi harusi anainua kisu akate keki, tangazo likajitokeza: memori ya GPU (ndiyo hiyo kadi) imejaa. Nikapunguza ubora, nikarudia. Imejaa. Keki ile niliikata mara kumi na moja. Mteja hajali memori yako imejaa, anataka video yake Jumatano kabla shangazi hajasafiri.

Najua watakuja watetezi. "Mkuu, memori kweli zimepanda." Sijakataa. Viwanda vikubwa vya memori duniani ni vitatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na wote wamegeukia kwenye vituo vya data vya AI kwa sababu huko ndiko kwenye hela. Desemba 2025 Micron walitangaza kuachana na Crucial, ile chapa yao ya RAM na SSD kwa sisi watu wa kawaida. Kwa hiyo mzigo utakaoingia kesho ukipanda, nitanuna lakini nitaelewa. Mimi nazungumzia boksi lenye kona iliyobonyea. Memori iliyomo humo ilishalipiwa kitambo, ilishapita forodha, imekaa kabatini inakula vumbi. Imepandaje?

"Mfanyabiashara anahesabu bei ya kununulia mzigo ujao." Haya. Mbona zikishuka hahesabu? Septemba 2022 Ethereum, moja ya sarafu za mtandaoni, walipoacha uchimbaji wa kutumia kadi, bei zilishaporomoka kila kona ya dunia na kadi za wachimbaji zikamwagwa sokoni. Huku mnakumbuka tuliambiwaje? "Bro sisi tulinunua kwa bei ya zamani, hatuwezi kuuza hasara." Kwenye kupanda wanaangalia mzigo wa kesho, kwenye kushuka wanaangalia mzigo wa jana. Leo haipo kabisa kwenye daftari lao.

Tupige hesabu, dola tuiweke 2,500 kwa urahisi. Bei elekezi ya 5060 Ti ya GB 16 ilipotoka Aprili 2025 ni dola 429, sawa na 1,072,500. Ongeza VAT asilimia 18, inafika 1,265,550. Mpe na usafiri wa laki na nusu, uko kama milioni moja na laki nne. Akiuza 1,750,000 kala zaidi ya laki tatu, na mimi sikulalamika, duka lina kodi na vijana wanakula. Lakini 2,050,000 ni dola 820! Kwa bei elekezi ya Marekani kabla ya kodi, hiyo ni 5070 Ti na chenji juu. (Ndiyo, najua huko nako bei elekezi mara nyingi inabaki kwenye karatasi. Bado.)

Kwa hiyo tukirudi kwenye hizo zijazo, ningekuwa mimi ndiye mwenye kalamu: GB 8 isizidi dola 200, na iandikwe kwa herufi kubwa kwamba ni ya gemu nyepesi na Excel. GB 12 iwe 250. Hiyo sijaitoa kichwani, Intel waliuza Arc B580 ya GB 12 kwa dola 249 Desemba 2024, na Intel ni mgeni kwenye biashara hii. GB 16 iwe 350. AMD waliipangia RX 9060 XT ya GB 16 dola 349. Nvidia wao wana nini cha kudai dola 80 zaidi, nembo? Timu AMD msianze kushangilia, mimi RX 9060 XT nimezunguka maduka sita sijaiona, mmoja akaniletea kava la simu.

Mwenye ndugu Dubai anayerudi mwezi huu na nafasi ya kilo moja kwenye begi aje inbox, nalipa na ya soda. Na aliyenunua 5060 Ti ya GB 16 hapa Dar au Arusha aweke bei na tarehe aliyonunua, tuone nani amepigwa zaidi.

Nikiwa naandika hapa kijana wa duka amenitumia ujumbe WhatsApp: "Kaka ile kadi imebaki moja tu, nikushikie?" Wiki mbili zilizopita pia ilikuwa imebaki moja tu. Leo kabatini nimehesabu nne.