Shawa inatoa matone tu. Ninunue hita gani kwa ajili ya mama?

BintiNewala

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mawazo yenu kabla sijapoteza hela nyingine.

Nimejenga hapa Mtwara mjini, upande wa Mangamba. Mwezi wa tano nilimchukua mama kutoka Newala aje tukae wote. Magoti yanamsumbua, na mnajua kule juu mwezi wa sita na wa saba baridi yake ilivyo, ukungu unaingia mpaka jikoni. Ana miaka 71, kuinama kwenye ndoo na kopo hawezi tena. Nikamwambia, mama, kwangu utaoga umesimama, maji ya moto yanakushukia.

Nina simtanki ya lita 1,000 juu ya mnara wa tofali wa futi nane. Bafu la mama liko upande wa pili wa nyumba. Bomba ni nusu inchi, linazunguka nyumba kama mita 14. Nilifunga shawa ya umeme ya wati 5,500. Tanki likijaa, inawaka, inazima, inawaka tena, na mama anapigwa na maji ya baridi akiwa na sabuni mwilini. Tanki likifika nusu haiwaki kabisa.

Dukani nimeambiwa nichukue hita ya tenki ya lita 50 kwa sababu "ina presha yake". Jirani anasema hita ya jua. Nichukue ipi? Juzi mama aliniomba nimrudishie ndoo yake, na hilo limeniuma sana.

Mdau_Ligula

Pole dada. Weka pampu ndogo ya presha hapo kwenye tanki, yamekwisha. Mimi ninayo mwaka wa tatu, ukifungua koki inawaka yenyewe. Shida yake ni umeme ukikatika tu.

FundiMikindani

Dada, msalimie mama. Mimi ni fundi bomba, na nyumba nyingi ninazoitwa zina tatizo hili hili, kwa hiyo nivumilie niandike kwa urefu.

Ulichoambiwa dukani si kweli. Hakuna hita inayotengeneza presha. Hita ya tenki inapokea maji kwa nguvu uliyonayo na kuyatoa kwa nguvu hiyo hiyo, pungufu kidogo. Ukiifunga leo kwenye bomba hilo, mama atapata maji ya moto yanayodondoka badala ya ya baridi yanayodondoka.

Presha yako inatokana na kimo: kuanzia uso wa maji ndani ya tanki mpaka kwenye matundu ya shawa. Kimo cha mita 10 ndiyo baa 1, yaani kipimo cha presha. Mnara wa futi nane ni mita 2.4. Tanki likijaa ongeza kama mita 1.2, halafu toa mita 2 za shawa. Umebaki na mita 1.6, yaani baa 0.16 tu. Tanki likikaribia kuisha zinabaki sentimita 40, na kama msingi wa nyumba umeinuka, hata hizo huna. Ndani ya shawa ya umeme kuna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na maji ndipo umeme uunganike. Maji yako hayana nguvu ya kukisukuma. Shawa yenyewe huenda ni nzima kabisa.

Na hicho kidogo ulichonacho kinaliwa njiani. Mita 14 za nusu inchi, na kila kona elbo! Hapa kwetu tena kuna chokaa, angalia birika lako la umeme ndani utaiona. Inaganda kwenye koki na kwenye matundu ya shawa.

Kwa hiyo usinunue kitu bado. Chukua ndoo ya lita 10 na simu. Vua kichwa cha shawa, fungua maji bafuni, pima ndoo inajaa kwa muda gani. Halafu pima kwenye koki iliyo chini ya tanki. Ya chini lazima itakuwa na nguvu zaidi kwa sababu iko chini, lakini tofauti ikiwa kubwa mno, njiani kuna kitu kinabana. Lete majibu.

Pampu aliyosema mdau ni nzuri, ila isije kabla ya bomba. Pampu kwenye bomba lililoziba inahangaika bure.

Mama_Mtanda

Niko Lindi, tunatumia hita ya jua ya mirija ya kioo miaka minne sasa. Maji ni ya moto sana, bili ya umeme imepungua, sijutii. Lakini nikutahadharishe dada: ya kwangu haina presha, maji yanashuka kwa kimo tu kama ya tanki lako. Tulipoweka pampu kwenye maji ya baridi peke yake, ya baridi yakawa yanayasukuma ya moto kurudi juu, ukichanganya unapata baridi tupu. Ilibidi pande zote mbili zilingane nguvu. Na shawa pana kama sahani usiweke, inataka maji mengi. Tumerudi kwenye ndogo, kila baada ya miezi miwili nailoweka kwenye siki usiku kucha.

BintiNewala

Asanteni sana, nimepima leo asubuhi. Koki ya tanki: sekunde 35. Bafuni: dakika nne na sekunde kumi!

Nikamwita kijana mmoja afungue. Koki iliyo ukutani imejaa chokaa mpaka tundu limebaki kama la peni. Sasa nifanyeje kwa mpangilio?

FundiMikindani

Hapo sasa tunazungumza. Toa bomba jipya la inchi moja kutoka kwenye tanki moja kwa moja hadi ukuta wa bafu, lisilishe jiko wala choo. Nusu inchi ibaki kipande cha mwisho tu. Badala ya elbo kali, kona zilainishe. Koki iwe yenye tufe la chuma ndani, ile ya kuzungusha robo mzunguko, inafunguka tundu zima. Kisha upime tena.

Ukipata lita 6 kwa dakika bila pampu, shukuru. Maji yetu hapa pwani yanatoka na joto la nyuzi 27 hivi. Kuyafikisha 40 kwa lita 6 kila dakika, hizo wati 5,500 zinatosha. Ila umeme ukishuka jioni mpaka volti 190, shawa hiyo inabaki na nguvu kama wati 3,750, na mama ataona maji yamepoa. Kwa sababu hiyo, kwa mtu mzima napendelea hita ya tenki. Volti zikishuka, inachelewa tu kuchemka. Lita 50 kuzitoa 27 hadi 60 ni uniti mbili hivi za luku, na ukichanganya na ya baridi unapata zaidi ya lita 100 za kuogea.

Pampu ukiiongeza, ikae kabla maji hayajagawanyika ya moto na ya baridi, ili pande zilingane kama alivyosema mama wa Lindi. Pembeni yake pitisha bomba la kuzunguka lenye valvu isiyorudisha maji, umeme ukikatika mama aendelee kupata ya tanki. Usiifunge kamwe ivute kwenye bomba la mamlaka ya maji. Fundi umeme ahakikishe waya wa ethi upo na unafanya kazi, hilo usilihurumie hela.

BintiNewala

Wiki mbili zimepita. Bomba la inchi moja tayari, ndoo bafuni inajaa kwa dakika moja na sekunde arobaini, bila pampu. Hita ya lita 50 imefungwa jana. Mama ameoga amekaa kwenye stuli, maji yanamshukia mabegani, hajataka kutoka. Alikuwa anaimba.

Swali moja: valvu ndogo chini ya hita inadondosha matone ikiwa inachemsha. Kijana anasema aizibe.

FundiMikindani

Asiizibe! Maji yakipata moto yanatanuka, hapo ndipo yanapotokea. Ivishe mpira mwembamba uelekee kwenye tundu la maji machafu, uache wazi.

BintiNewala

Nimemzuia. Mpira naununua kesho asubuhi.