Refa ananipa faulo kila nikiweka skrini, nakosea wapi?

Senta wa Kisauni: Salaam wandugu. Nacheza senta timu ya mpira wa kikapu ya wanawake hapa Mombasa. Jumapili nilitolewa kwa faulo tano, tatu za skrini, yaani kusimama kumzibia njia beki anayemkaba mwenzangu ili mwenzangu apite. Mikono nilikuwa nimeikunja kifuani kama kocha alivyonifundisha, na beki wao ndiye aliyekuja kunigonga, mara moja hadi akaanguka. Bado firimbi ni yangu! Tumefungwa pointi mbili nami niko benchi, wallahi imeniuma. Refa huwa anatazama nini hasa?

Binti Likoni: Pole dadangu. Huyo refa kakuonea, wewe ndiye uliyegongwa.

Firimbi Mstaafu: Polepole, Binti Likoni. Refa haamui kwa kuangalia nani kaanguka. Kwanza ni miguu: mlipogusana, ulikuwa umetulia, yote miwili iko chini? Halafu mwili. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, zinakupa silinda yako, yaani nafasi uliyosimama kutoka sakafuni kwenda juu. Nyonga au goti likitoka nje likamnasa mtu, kosa ni lako hata mikono ikiwa kifuani.

Kisha umbali, na hapa wengi huponzeka. Beki aliyesimama na anayekuona, msogelee utakavyo mradi usimguse. Ukimwekea mgongoni, mwachie hatua moja ya kawaida. Akiwa mbioni, apate muda na nafasi ya kusimama au kubadili njia: si chini ya hatua moja, wala hudaiwi zaidi ya mbili. Ukishatimiza hayo akakuparamia, mguso ni juu yake. Zako zilikuwaje?

Senta wa Kisauni: Mbili beki alikuwa mbioni, nami nilichelewa kufika. Ya tatu nilikuwa nimesimama, ila alipotaka kupenya nilitoa nyonga. Nasema kweli.

Namba Saba: Mimi ni beki. Mtazame na mwenzako mwenye mpira. Akiondoka kabla hujatulia, utalazimika kumfuata, na hapo ndipo unaponaswa. Asubiri umwambie "haya", ndipo apite bega kwa bega nawe. Faulo hiyo wapinzani hawapewi mitupo huru, lakini mpira unakwenda kwao, shambulizi lote limepotea.

Senta wa Kisauni: Ahsanteni sana. Ami Firimbi, na ile ya kugeuka kukimbilia kikapuni nikishaweka skrini?

Firimbi Mstaafu: Mwache beki amalize kukugusa kwanza, mwanangu. Ukianza kugeuka naye bado kakuegemea, refa anaona skrini inayotembea.

Senta wa Kisauni: Kumbe! Kesho jioni mazoezini naanza na hiyo.