Katiba nimeanza kuisoma mwenyewe, nimekwama ibara ya 7

mgeni_wa_ibara
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 34 na katiba ya nchi yangu, Tanzania, sijawahi kuisoma hata ukurasa, yote ninayoyajua ni ya kusikia redioni na kwenye magrupu ya wasap. Juzi jamaa mmoja kazini kaja na ibara ya 8, anasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, kwa hiyo ukiona serikali imekosea unaenda mahakamani na hiyo ibara mkononi. Nikabisha, ila hata sijui nabishia nini, ikabidi nipakue ile ya 1977 kwenye simu. Sasa niko ibara ya 7, lugha nzito, halafu pembeni kumejaa vimaandishi "Sheria ya 1984 Na. 15" kila sehemu. Mliosoma mlianzia wapi? Na huyu jamaa yuko sahihi?

Bi Mkubwa wa Mafaili
Mdogo wangu umekwama penyewe kabisa 😂 hapo hapo ulipo teremka kwenye ibara ndogo ya (2). Inasema masharti ya sehemu hiyo hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote, na sehemu yenyewe ni ibara ya 6 mpaka 11, kwa hiyo hiyo 8 yake imo, na haki ya kufanya kazi ya ibara ya 11 nayo imo. Jamaa kanukuu vizuri tu, ila hajafungua ukurasa wa nyuma. Kama anataka za kwenda nazo mahakamani ni kuanzia 12 hadi 29, na ya 30(3) ndo inamruhusu kufungua shauri Mahakama Kuu.

kiraka84
Hivyo vimaandishi vya pembeni usivikimbie mkuu, mi ndo navipenda kuliko vyote. Na. 15 ya 1984 ndo iliingiza haki za binadamu humo ndani, ina maana tangu 1977 mpaka hapo katiba haikuwa na hati ya haki, shuleni tulikariri tu kana kwamba zilikuwepo siku zote. Alafu nenda karibu na mwisho, ibara ya 151, kuna maana za maneno. Ujamaa upo bado, na ibara ya 3 inasema nchi ni ya kijamaa na ya vyama vingi, yote kwenye sentensi moja!

Mpinzani Mpole
Mi napingana kidogo. Kusoma sawa, lakini mahakama nayo inatafsiri, usije ukasoma wiki moja ukajiona wakili. Ila kuna kitu utakipata humo bila wakili, Nyongeza ya Kwanza, mambo ya Muungano. Mwaka 1964 yalikuwa 11, sasa ni 22. Watu wanagombana kuhusu Muungano miaka na miaka na orodha yenyewe hawajaisoma, mfano elimu ya juu imo, ya msingi haimo.

mgeni_wa_ibara
Asanteni sana wakuu, shikamoo Bi Mkubwa. Jamaa nimemtumia skrinishoti ya 7(2), tiki za bluu zimetokea tangu saa kumi na hajajibu kitu. Kesho naanza ya 12.