Glaida ya mita 2 inapanda na kushuka kama mawimbi

Swali: Wakuu, glaida (ndege ndogo isiyo na injini) ya balsa, yaani mti mwepesi, inaongozwa kwa rimoti, urefu wa mabawa mita 2, upana wa bawa sm 20. Ikirushwa kwa mkono inainua pua, inasita, inaanguka, inainuka tena. Nimeshusha trimu (mkao wa kawaida) ya elevata, kile kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, lakini sasa ikipata kasi inazidi kuzama. Tatizo liko wapi?

Jibu: Mkia mzito, mkuu. Rudisha elevata katikati. Pima mm 60 kutoka ukingo wa mbele wa bawa, yaani asilimia 30 ya upana, weka alama chini pande zote mbili, kisha inyanyue hapo kwa ncha za vidole betri ikiwa ndani. Mkia ukilala, sogeza betri mbele kwanza. Isipotosha, ongeza risasi (ile metali nzito) puani gramu 5 kwa 5. Gramu moja ya gundi mkiani hudai gramu kadhaa puani, kwa hiyo tafadhali mkia ujengwe mwepesi!

Jibu: Halafu ipime hewani, juu kabisa, upepo ukiwa umetulia. Inamisha pua nyuzi 30 hivi, achia kijiti cha rimoti. Ikijivuta juu ghafla, pua nzito. Ikizidi kuzama, mkia bado mzito. Ivute taratibu, mabawa yasivunjike. Ikiinuka polepole, iache hivyo.

Jibu: Shika elevata kwa vidole pia. Ikilegea, au fimbo inayoisukuma ikipinda, trimu haitatulia kamwe. Na urushe usawa, dhidi ya upepo.